Gesi mara tatu na bado joto: AC inayopoa gari likitembea tu

*"Habari za kazi, fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, niliinunua ikiwa imetumika. Nakaa Buhongwa, hapa Mwanza, kazi yangu iko katikati ya mji. Nikienda Misungwi kwa wazazi AC inapoa mpaka watoto wanaomba nipunguze. Lakini asubuhi nikikwama foleni ya Mkuyuni mpaka Igogo, hewa inageuka vuguvugu, halafu joto kabisa. Mwaka huu nimejaza gesi mara tatu. Ya kwanza ilikaa miezi miwili, ya pili wiki tatu, ya tatu haikuleta mabadiliko yoyote, naona hata imezidi kuwa mbaya, na nikiwasha kuna sauti ya kukoroma mbele. Sasa fundi anasema tubadilishe kompresa. Kitu kingine, sijui kama kinahusika: mshale wa joto la injini siku hizi unapanda kidogo nikiwa foleni, nikianza kutembea unarudi. Mwanangu mdogo ana pumu, vumbi na moshi wa malori vinamsumbua, kwa hiyo siwezi kufungua vioo. Je, ninunue kompresa? Na kwa nini gesi inaisha haraka hivi?"*

Salama dada yangu, na pole kwa usumbufu. Nianze na jibu fupi: usinunue kompresa bado, na usijaze gesi tena mpaka gari lipimwe. Kompresa inayowafanya watoto waombe upunguze baridi njia ya Misungwi haijafa. Uliyoyaandika yananionyesha kwamba uwezo wa kupoza upo, ila gari likisimama, joto linalotolewa ndani linakosa pa kwenda. Na lile uliloliweka mwishoni, ukisema hujui kama linahusika, linahusika kuliko yote. Mshale unaopanda foleni na AC inayogoma foleni mara nyingi ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. AC ikigoma unatoka jasho. Mshale ukiachwa unaharibu injini. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Tuanze na gesi, kwa kuwa ndiko pesa yako ilikokwenda. Watu wengi wanaizungumzia kama petroli: unajaza, inatumika, inaisha, unajaza tena. Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi na kitu chochote. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, gramu zile zile, mwaka hadi mwaka. Kinachopenya polepole kwenye mipira na kwenye sili ya kompresa ni kidogo sana, na gari zima linaweza kukaa miaka kadhaa bila dereva kuona tofauti. Kwa hiyo fundi akikuambia gesi imeisha, muulize imetokea wapi. Kama hakuna aliyetafuta tundu, basi ulichonunua mara tatu ni gesi ya kupita njia.

Nikuambie pia ukweli wa upande wa pili. Gesi ikipungua, baridi hulegea zaidi gari likiwa limesimama, kwa sababu injini ikizunguka polepole na kompresa nayo inazunguka polepole. Dalili hiyo inafanana kidogo na yako. Lakini gari lenye upungufu wa kukata baridi namna hiyo foleni halitakuwa la kuwagandisha watoto barabara kuu, na upungufu wa gesi haupandishi mshale wa injini. Wako unapanda.

Ili uelewe kwa nini naelekeza kidole mbele ya gari, nikueleze AC inavyofanya kazi. AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Kumbuka mtungi wa udongo wa bibi, ule uliokaa kwenye kona yenye kivuli. Nje yake palikuwa na unyevunyevu muda wote, na maji ya ndani yalikuwa baridi bila umeme. Maji yaliyopenya kwenye udongo yalikuwa yakigeuka mvuke, na kitu kinapogeuka mvuke hubeba joto la mahali kilipokuwa. Ndicho unachosikia nesi anapokupaka spiriti kabla ya sindano. Gesi ya gari lako, inayoitwa R134a, inafanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi. Maji ya ugali hapa Mwanza, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. R134a ikiachwa kwenye hewa ya kawaida huchemka ikiwa na nyuzi 26 chini ya sifuri.

Nyuma ya dashibodi yako kuna koili ndogo yenye umbo la rejeta. Gesi ikiwa maji maji hupitishwa kwenye tundu jembamba, presha inashuka ghafla, inachemka ndani ya koili hiyo na kunyonya joto la hewa inayopita. Hewa iliyonyang'anywa joto ndiyo inayokupiga usoni. Unyevu wa hewa yetu ya ziwani unageuka matone kwenye koili na kudondoka chini ya gari; kale kadimbwi unakokaacha kwenye maegesho ni ishara njema. Kisha kompresa inavuta ule mvuke, inaukandamiza mpaka unakuwa wa moto sana, na kuusukuma kwenye kondensa, ule wavu mwembamba ulio mbele kabisa ya gari, mbele ya rejeta. Hapo gesi inapaswa kutua mzigo wote wa joto iliotoa ndani, pamoja na joto la kukandamizwa, igeuke maji maji tena na kurudi kuanza upya.

Kondensa haina ujanja mwingine wa kutua mzigo huo isipokuwa upepo unaopita katikati yake. Siku ya nyuzi 30, upepo ukipita vizuri, gesi hugeuka maji maji ikiwa na nyuzi 55 hivi, na presha ya upande wa juu inakuwa paundi 200 au zaidi kidogo, paundi zile zile mnazopimia upepo wa tairi. Upepo ukikosekana, kondensa inapanda moto kuelekea nyuzi 70, na presha inakaribia paundi 300. Kompresa inasukuma kwa kukoroma, injini inalemewa, na maji maji yanayofika kwenye koili ya ndani yanafika yakiwa bado na moto wao. Presha ikiendelea kupanda, kuna swichi ya usalama inayokata kompresa kabla mabomba hayajapasuka. Ikikata, unachopata ndani ni hewa ya kawaida inayopulizwa na feni ndogo ya dashibodi. Hiyo ndiyo "vuguvugu, halafu joto kabisa" yako.

Ukienda Misungwi, mwendo wenyewe unaleta upepo. Hata feni ikiwa imekufa, kondensa inapozwa na barabara. Ukifika Mkuyuni ukasimama nyuma ya lori, kazi yote inabaki kwa feni ya umeme iliyo nyuma ya rejeta. Feni hiyo ndiyo inayovuta upepo kupitia kondensa na kupitia rejeta kwa pamoja, na ikilegea, AC inakata na mshale unapanda kwa wakati mmoja. Zamani za kivuko cha Kigongo, kabla ya daraja la Busisi kufunguliwa mwaka 2025, magari yaliyosubiri kwenye foleni ya kivuko huku AC inawaka yalikuwa yakitufikia na malalamiko haya haya, neno kwa neno.

Sasa kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe nyumbani kwa karatasi moja ya daftari. Egesha gari mahali tambarare, gia kwenye P, vuta breki ya mkono. Funga nywele, vua mtandio na kitu chochote kinachoning'inia, na usiingize mkono kwenye eneo la mkanda wala la feni, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe bila taarifa. Washa injini, washa AC, weka baridi ya mwisho. Fungua boneti usikilize. Utasikia "tak" moja, ni klachi ya kompresa inashika. Kwenye Toyota nyingi ndogo feni nayo huanza muda huo huo au sekunde chache baadaye. Nenda mbele ya gari, usogeze ile karatasi taratibu kwenye grili. Feni yenye afya itainyakua karatasi na kuishikilia pale hata ukiiachia mkono. Ikidondoka, feni imekufa au inazunguka kwa uvivu. Ikisukumwa kukuelekea wewe, feni inazunguka kinyume.

Usilichukulie hilo la mwisho kuwa haliwezekani. Niliwahi kuletewa gari kutoka Kisesa lenye dalili kama zako. Lilikuwa limepita kwa mafundi watatu, gesi imejazwa, na feni yenyewe ilikuwa imebadilishwa. Ukiitazama inazunguka kwa kasi, kila mtu aliridhika. Nilipoweka karatasi ikarushwa kifuani kwangu. Aliyefunga feni alikuwa amebadilishana nyaya mbili, kwa hiyo gari likitembea feni ilikuwa ikipigana na upepo wa barabara, na likisimama ilikuwa ikirudisha joto la injini juu ya kondensa. Kuzigeuza nyaya hakukuzidi dakika tano. Mwenye gari alikaa kimya muda mrefu akihesabu alichokwisha kutumia.

Feni isipozunguka, fundi umeme aanze na fyuzi, relei (swichi ndogo inayowasha feni), na soketi ya waya ambayo mara nyingi imeliwa na kutu au imeungua. Ikizunguka polepole, mara nyingi brashi za kaboni ndani ya mota zimekwisha. Feni ya namna hiyo ina tabia ya kugoma leo na kuwaka kesho, na wakati mwingine ukiigonga kidogo kwa mti inaamka. Tabia hiyo inaweza kueleza kwa nini gesi ya kwanza ilionekana kusaidia miezi miwili: huenda ilikuwa ni miezi miwili ya feni kuwa na siku njema.

Kama karatasi ilishikwa vizuri, tazama uchafu. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ni jambo la kwetu na halimo kwenye kitabu cha gari kilichoandikwa Japani. Unawajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa, hasa siku za karibu na mwezi mwandamo. Wanafuata mwanga. Ukipita usiku njia ya Magu kwenda Lamadi wakati wameinuka, taa zako zinawaita, na asubuhi grili yote ni nyeusi. Wengi wanaosha kioo na taa, wanaacha kondensa. Wadudu wanakauka kwenye vipezi vyake, vumbi linakaa juu yao, usiku mwingine wanakuja wengine, na baada ya miezi kadhaa panakuwa na kitu kama kipande cha blanketi. Kibaya zaidi, mabawa na vumbi hupenya na kukwama kwenye ule mwanya kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo ukitazama kutoka mbele huoni kitu. Mulika tochi kutoka juu, kwenye mwanya wenyewe. Nimewahi kutoa hapo uchafu wa kujaza kopo la nusu lita kwenye gari ambalo mwenyewe aliapa kuwa huoshwa kila Jumamosi.

Kuosha kwake kunataka upole. Injini iwe imepoa na kuzimwa. Tumia mpira wa maji wa kawaida na sabuni ya maji, uache ilowe dakika kumi, kisha usukume maji kutoka upande wa injini kuja nje, urudishe uchafu njia uliyoingilia. Mashine ya presha ya car wash isielekezwe hapo. Vipezi vya kondensa ni vyembamba kama karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Vikilala, umeziba njia ya upepo kwa mkono wako. Nimeona pia madereva wanaofunga kipande cha chandarua mbele ya grili kuzuia wadudu. Nia ni nzuri, ila matundu ya chandarua ni madogo mno, na kikijaa wadudu kinakuwa ukuta. Ukitaka wavu, tumia wa matundu makubwa na uukung'ute kila baada ya safari.

Kipimo cha pili ni cha maji. Subiri AC itoe vuguvugu gari likiwa limesimama linaunguruma. Mtu mmoja akae ndani, mkono kwenye tundu la hewa. Wewe mwagia maji ya kawaida kwenye kondensa kupitia grili, kopo baada ya kopo, taratibu, bila kurusha nyuma kwenye nyaya. Ikiwa ndani ya dakika moja au mbili aliye ndani anaanza kusema "inarudi baridi", basi umethibitisha bila geji, kile kipimo cha presha cha mafundi: kompresa inasukuma, gesi ipo, kinachokosekana ni upoozaji wa mbele.

Turudi kwenye ile gesi ya tatu iliyozidisha ubaya. Ninavyoona, gari lako sasa linaweza kuwa na gesi nyingi kupita kiasi, au lina hewa ndani, au vyote viwili. Mafundi wengi hujaza kwa kutazama geji. Geji ina faida kubwa, lakini haipimi kiasi. Gari likiwa limezimwa na joto ni nyuzi 28, geji itasoma paundi 90 hivi, iwe ndani mna gramu 450 au 150, ilimradi bado mna maji maji kidogo. Ni kama mtungi wa gesi ya kupikia: moto wa jiko unakuwa ule ule mpaka siku ya kuisha, ndiyo maana ukitaka kujua kilichobaki unaupima kwenye mizani. Gesi ya gari nayo hupimwa kwa gramu. Chini ya boneti kuna kibandiko. Maandishi yake yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini tarakimu za gramu na jina la gesi zinasomeka. Kwenye gari dogo kipimo chote kinacheza karibu na nusu kilo, kwa hiyo gramu 100 za ziada ni nyingi. Zinakaa chini ya kondensa kama maji kwenye ndoo, zinapunguza nafasi ya mvuke kupoa, na presha inapanda. Kwenye gari ambalo feni imelegea, hiyo ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kuanguka.

Hewa ni mbaya vilevile. Hewa haigeuki maji maji ndani ya kondensa, inabaki juu imechukua nafasi, na presha inapanda. Unyevu ulio ndani yake ukichanganyika na gesi na oili hutengeneza asidi inayokula vyuma kimya kimya. Ndiyo sababu kabla ya kujaza upya lazima mfumo uvutwe kwa pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa yote, nusu saa au zaidi, kisha uachwe umefungwa kuona kama mshale wa geji unarudi. Jambo moja kwa mafundi watakaosoma hapa: kwa urefu wetu huu kutoka usawa wa bahari, vakyumu kamili inasomeka kwenye geji inchi 26 hivi za zebaki, si 29 au 30 kama ulizoziona ukijifunza kazi Dar es Salaam. Pampu yako si mbovu. Ila ukiona 26 kisha baada ya dakika ishirini ni 20, hapo una tundu.

Na inawezekana kweli tundu lipo kwenye gari lako, dada, juu ya tatizo la feni. Gari la miaka ishirini lina oringi, zile pete za mpira za kuzibia maungio, zilizokauka. Mahali pa kwanza pa kutazama ni zile vali mbili za kujazia, zilizo kama vali ya tairi. Kila anayejaza anazibonyeza, na kofia zake zikipotea hakuna anayejali. Povu la sabuni likipakwa hapo linaonyesha jibu ndani ya dakika. Kisha kwenye maungio ya mabomba: gesi ikitoka hutoka na oili, kwa hiyo ungio lenye doa la mafuta lililoshika vumbi ni la kushuku. Kama si hapo, kuna rangi ya kung'aa chini ya taa maalumu, au kujaza naitrojeni na kusikiliza. Mtu akitaka kupima kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, ondoa gari lako. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka.

Kuna mengine mawili nakuomba uyakatae. La kwanza ni gesi isiyo ya gari: ya friji, ya majengo, au ya kupikia. Wapo wanaosema inapoza zaidi. Ya kupikia hupoza kweli, lakini inawaka, na koili yake iko umbali wa hatua moja kutoka kwenye kiti cha mwanao. La pili ni dawa ya kuziba matundu inayomiminwa ndani. Huziba tundu, na huweza kuziba pia lile tundu jembamba ambalo mfumo mzima unalitegemea. Gesi iliyo ndani sasa isifunguliwe tu ikaachwa itoke; fundi aivute kwenye mtungi. R134a haitoboi tabaka la ozoni, lakini kama gesi ya kuongeza joto duniani ina nguvu zaidi ya mara 1,300 ya kaboni dioksidi, na ikikurukia mkononi inaganda ngozi.

Kompresa yenyewe hufa, sikatai. Ikifa, geji mbili, ya upande wa chini na wa juu, husoma karibu sawa hata klachi ikiwa imeshika, na barabara ya Misungwi isingekusaidia. Afya inaonekana geji ya chini ikiwa kati ya paundi 30 na 45, na ya juu 200 hadi 250 kwa hali ya hewa yetu. Mwambie fundi akuandikie namba hizo mbili kwenye karatasi, gari likiwa limesimama, na aziandike tena huku mtu akimwagia kondensa maji. Anayekataa kupima asikuuzie kompresa. Na hata kama ingekuwa imekufa, ukifunga nyingine bila kutengeneza feni, ya pili itakufa kwa sababu ile ile. Nawaongezea wenye magari ya hybridi: kompresa ya gari kama Prius inaendeshwa na umeme wa zaidi ya volti 200 na ina oili yake maalumu, kwa hiyo nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na fundi wa kubahatisha.

Kuhusu mtoto. Nyuma ya kisanduku cha dashibodi cha upande wa abiria magari mengi ya aina yako yana filta ya hewa ya ndani. Itoe uitazame kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi, au ina harufu ya uvundo, badilisha. Usiipige kwenye ukuta ukairudisha, kwa sababu vumbi jembamba linalomsumbua mwenye pumu halitoki kwa kupigwa. Kwenye foleni ya malori weka kitufe cha hewa kuzunguka ndani, mkishatoka rudisha ya nje. Dakika mbili kabla ya kufika nyumbani zima AC uache feni ya ndani ikipuliza, ili koili ikauke isiote ukungu. Dawa zake za pumu ziendelee kama kliniki ilivyoelekeza, AC ipoe isipoe.

Utaratibu wa kutumia pesa yako ningeupanga hivi: kwanza karatasi na maji, havina gharama. Kisha kuosha kondensa na rejeta. Kisha fundi umeme kwa feni, relei na nyaya, na hapo hapo akague kama rejeta haijaziba na maji yake yametosha. Mshale ukishatulia foleni, ndipo uende kwa fundi AC mwenye mizani na pampu ya vakyumu: atoe gesi yote aipime ili mjue ilikuwa gramu ngapi, atafute tundu, avute, ajaze kwa gramu za kibandiko. Ukitoka hapo pima kwa kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la katikati. Gari likitembea, nyuzi 5 hadi 10 ni baridi nzuri. Likisimama itapanda kidogo, na hilo ni la kawaida.

Mpaka feni itengenezwe, usiendeshe AC kwenye foleni ya Mkuyuni. Ukiona mshale umeanza kuondoka mahali pake pa kawaida, zima AC mara moja, fungua hita mpaka mwisho na feni ya ndani kwa nguvu zote, hata kama ni mateso, kwa sababu hita inatoa joto la injini. Shusha vioo, mfunike mtoto pua na mdomo kwa kitambaa safi kama anakivumilia. Mshale ukiendelea kupanda, toka pembeni, zima injini, na usiguse kifuniko cha rejeta mpaka uweze kukishika kwa mkono mtupu bila kuungua. Ukifikia hapo, usijaribu kufika nalo mjini. Ita fundi au livutwe.